Ki au M

Kaka mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko jeshini, kambini, na kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuachia. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu na anauliza kama soksi zilifika. Baba anakusalimu bila kuuliza kitu, unamjua. Mimi ni mzima ila situlii. Nimeianza barua hii nikiwa nimekaa, sasa naiandikia dirishani, nimesimama.

Habari kubwa ni kwamba mimi, Bubu wako nisiyefungua mdomo mbele za watu, siku hizi nasema kwenye kipaza sauti. Usicheke. Mjomba sauti ilimkauka, na ukumbi wake wa video hauwezi kukaa kimya. Watu wanakuja kusikia filamu ikitafsiriwa papo hapo. Akasema mimi ndiye niliyelishwa lugha mbili shuleni, basi nizitapike. Nikakubali, mradi nikae nyuma ya pazia.

Tunaonyesha mfululizo wa shujaa anayesafiri kwenye wakati. Ukumbini wanamwita Mzee wa Jana. Anapanda lifti yake mbovu, anashukia karne nyingine, anaokoa mji, anaondoka kabla hajashukuriwa. Kinyozi wa jirani anampenda kama mkwe. Anasema huyo ndiye mwanamume: hana makuu, na hajawahi kuua mtu.

Lakini anaua, Kaka. Anaua vile viumbe vilivyoundwa kiwandani kuuteka mji. Au wale viumbe walioundwa, unaona ninavyohangaika? Katika lugha ya filamu ana kijineno kimoja tu, anakitumia kwa kiti, kwa mbuzi na kwa wao. Sisi hatuna. Kwetu neno la kuua halitoki mdomoni mpaka uamue kwanza: ki au m. Mjomba, kwa sauti yake ya msumeno, aliniagiza niseme "nimekizima", watu wacheke, warudi kwao salama.

Nikawa nasema nimekizima, nao wanacheka. Mpaka Jumamosi. Kiumbe wa mwisho alikuwa amejibanza nyuma ya tangi la maji, amejishika mkono mwenyewe kama mtoto anayesubiri sindano. Mzee wa Jana akabonyeza kitufe, akakung'uta koti, akatupa mzaha kwamba amekizima, kesho hakitakuja kazini. Mdomo wangu ukakataa. Nikasema, "Nimemuua. Kesho hatakuja."

Ukumbi ukawaka. Fundi viatu akasema asingemuua, mji mzima ungeteketea, na hapo tungemlilia nani? Mama wa duka la vitambaa akamjibu kwamba mtu mwenye lifti ya kurudi jana hana kisingizio cha haraka. Si angerudi akafunga mlango wa kiwanda? Kinyozi akatoka nje, akisema nimemharibia mtu wake. Mjomba alininyang'anya kipaza sauti, akalalamika kwamba alitafuta mtafsiri, kapewa hakimu.

Sasa nikwambie ukweli, maana bila hivyo sitakaa chini leo. Jumamosi ile sikuwa nikimwona Mzee wa Jana. Ulipokuja likizo, mezani, Baba alikuomba usimulie ya huko. Ukasema kulikuwa na kitu darajani usiku, mkakiondoa. Wote wakakupongeza, Baba akakuongezea nyama. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni kwako. Chini ya meza ulikuwa umejishika mkono mwenyewe.

Sikuuliza. Bubu haulizi.

Najua huna lifti. Najua pia labda kama si nyinyi, kuna watu wasingefika asubuhi. Kinyozi na fundi viatu wanaweza kubishana hayo mpaka wachoke. Mimi nataka tu kujua nilikuwa nimekaa karibu na nani. Kama kile cha darajani kilikuwa pipa tu, sema, nitarukaruka chumba kizima. Kama siyo, sema vilevile. Baba hatasikia kwangu, na kiti chako kitabaki pale pale, karibu na changu.

Mama anasisitiza uvae vizuri kifuani. Mjomba anakusalimu, kwa ishara. Usijisumbue kuandika mengi, Kaka. Ki au m, hiyo tu itanitosha.

Mdogo wako akupendaye,
Bubu