Jina la Bibi katika Kitabu cha Waliotengwa

Jumatatu, 4 Machi
Karani wa kanisa mimi, nimechapa hadi vidole vimekufa ganzi. Kijitabu cha miaka mia ya kanisa letu kinatakiwa kwa mpiga chapa Ijumaa. Mchungaji anataka kianze hivi: tangu mwanzo tumempokea kila mtu. Tangu mwanzo! Nikafungua kabati la ofisi kutafuta ushahidi, nikakuta Kitabu cha Waliotengwa, yaani walionyimwa meza ya Bwana. Mlevi. Mke wa pili. Aliyeonekana dansini. Namba arobaini na moja — bibi yangu! Kosa: kuhubiri mimbarini hali ni mwanamke.

Na mchungaji wetu wa leo ni mwanamke. Nilicheka peke yangu, halafu nikaacha.

Jumanne, 5 Machi
Maisha yangu yote nimemwona Bibi akipitisha sahani ya mkate bila kugusa. Tuliambiwa divai inamletea kiungulia. Tukaamini, wajinga sisi.

Nimemuuliza akichambua maharage. Hakushtuka. Siku ile mchungaji wa enzi hizo aliumwa, watu wamekaa tu, yeye akasimama. Dakika kumi! Wakamtaka atubu, akagoma. Babu alimbembeleza wee, wapi. Babu akafa. Kiburi kilipomwisha Bibi, kanisa nalo lilikuwa limefuta mambo ya kutenga na kurudisha.

Sasa anataka kurudi kundini kama walivyorudi wenzake: magoti, jina lisomwe, wazee wamwekee mikono. Hapo ndipo atakula. Daktari amesema moyo wake umechoka, na Jumapili kuna meza ya Bwana. Nikamwambia, niachie mimi. Domo langu hili.

Jumatano, 6 Machi
Mchungaji amelia, machozi kabisa. Kisha amekataa. Hakuna aliyetengwa, anasema, mkate ni wa wote, Bibi aje ale tu. Nikasema hatakula mpaka asamehewe.

— Nimsamehe kwa kuhubiri? Mimi? Halafu Jumapili nipande mimbarini na uso gani?

Ana haki. Na Bibi ana haki. Nimerudi mezani kwangu nikapanga mafaili yaliyokwisha kupangwa.

Alhamisi, 7 Machi
Mchungaji kapata wazo: kanisa ndilo limwombe Bibi msamaha, hadharani. Nimekwenda nyumbani karibu mbio. Bibi amekataa! Kwa nini? Kaniambia nile, chakula kinapoa.

Ijumaa, 8 Machi
Nimepeleka kijitabu. Ule mstari wa tangu mwanzo nimeuacha ulivyo. Najichukia.

Jumapili, 10 Machi
Naandika humu humu kanisani, nyuma ya karatasi ya matangazo. Mikono yangu haijui kazi nyingine.

Sahani ilifika, Bibi akaipitisha. Mchungaji akashuka mwenyewe na kipande cha mkate mpaka benchi letu la mlangoni. Akapiga magoti. Mama, kanisa lilikukosea, tusamehe.

Bibi akamshika shavu, kwa upole. Akaniagiza kile kitabu. Nikakimbia ofisini nikakileta. Geuza ukurasa wangu, akasema. Nyuma ya ukurasa kuna sahihi za wazee wa kanisa waliomtenga, mimi sikuwahi kugeuza. Ya tatu ni ya Babu. Babu yangu! Ule mwandiko mzuri wa kwenye vyeti vyetu vya ubatizo.

— Usiku huo alirudi akaniambia mwenyewe, akalia, Bibi kasema. Sasa mwanangu, ukisema sikukosa, huyu atakuwa nani? Nimezaa naye watoto sita.

Mchungaji bado amepiga magoti. Waimbaji wamemaliza beti zote, wameanza upya. Bibi anapumua kwa shida, mkono ameuweka kifuani.

Kitabu kiko mapajani mwangu. Safu ya mwisho, tarehe ya kurudi, kwenye jina la Bibi haina kitu. Bibi anaitazama kalamu yangu. Mchungaji naye anaitazama.