Begi la Ndege

Migori,
Jumatano, saa tisa alasiri.

Mdogo wangu mpendwa Lynnet,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyekuvusha salama na kukupa binti. U hali gani? Maziwa yanatoka vizuri? Na mtoto analala, au amechukua tabia yako ya kulia mpaka majirani waje kuuliza kuna nini? Shemeji Sammy hajambo, na kazi ya zamu haimchoshi? Huku sisi tu wazima. Mvua imewahi mwaka huu, mahindi ya nyuma ya nyumba yamefika magotini, na yule ng'ombe mwekundu amezaa dume. Mama alitolewa plasta wiki iliyopita na vidole vyote vinakunjika, ingawa asubuhi huvikanda kwanza kwa maji ya moto.

Utashangaa kuona karatasi na simu ipo. Mama ndiye aliyesema nikuandikie, na ndiye atakayekupa barua hii kwa mkono wake. Sababu utaikuta mbele. Kwanza nikusimulie jambo la begi lilivyokwenda, maana kwenye simu ulisikia vipande tu, na vipande hivyo nilikupa mimi.

Ulipotuma tiketi ulisema neno la akili. Ulisema mama asiburute sanduku, kwa sababu mgongo wake hauwezi na viwanja vya ndege vya kupitia ni vitatu. Apate begi moja la mgongoni, lenye nguvu, lisilomuumiza, la kuingia nalo ndani ya ndege: dawa zake za presha, miwani, makaratasi, nguo za siku mbili. Sasa mimi nimekaa karibu na steji ya Migori miaka kumi na sita nikishona mabegi. Nimeyafumua ya kila aina mpaka najua yalivyo ndani kama mchinjaji anavyojua ng'ombe. Mtu angedhani nitaulizwa. Nani aniulize? Kaka yetu Duke alipiga simu kutoka Homa Bay akasema tumwachie yeye, kwa kuwa ndiye anayejua mambo ya ndege.

Ujuzi wenyewe unaujua. Duke amepanda ndege mara moja. Ofisi yao iliwapeleka semina Mombasa miaka mitatu iliyopita, na kurudi walirudi kwa basi. Tangu hapo akifungua kinywa ni "sisi tunaosafiri". Ile karatasi nyeupe wanayofunga kwenye mzigo pale uwanjani bado inaning'inia kwenye mkoba wake wa kazi, imegeuka kahawia kama jani la chai, na haikati. Anaenda nayo kanisani. Anaenda nayo matangani. Nilimwona akiigeuza upande wenye maandishi ili mjane aisome.

Basi Jumatatu moja nilimpeleka mama Homa Bay. Duke akatuongoza hadi kwa rafiki yake Valentine, mwenye duka la vioo upande wa juu wa soko. Huyo Valentine ni mtu laini, kucha zake ni safi kuliko za bibi harusi. Nilimtazama mabega nikajua hajawahi kubeba hata debe la maji, na ndiye anayewachagulia watu mabegi. Yake yote yamejazwa magazeti ndani ili yatune. Wateja wanapapasa kwa nje, wanauliza kama iko rangi nyingine, wanalipa, wanaenda. Watu wetu hununua begi kama wanavyonunua kitambaa cha meza. Mwezi wa pili wananiletea mimi zipu iliyopasuka, wananiapia kwamba lilikuwa orijino.

Duke alishusha moja la samawati linalometameta, lenye tundu la waya wa simu na jina la kigeni mgongoni. Nililigeuza nje ndani. Mkanda wa begani ulikuwa umeshikwa na mshono mmoja, haukurudiwa. Sponji yake nyembamba kama chapati ya hoteli. Upande wa mgongo hauna wavu wa kupitisha hewa, hakuna mkanda wa kifuani wala wa kiunoni, kwa hiyo uzito wote ungening'inia kwenye mabega ya mama mwenye miaka sitini na minne. Nyuma ya mlango nikaona lingine, la turubai nyeusi, limejaa vumbi. Hilo mishono yake ilirudiwa mara tatu, zipu ni ya meno makubwa, mikanda mipana imejaa sponji ngumu. Nikalipima kwa shubiri, nikaona linatosha kuingia kwenye kabati la juu ya viti. Nikasema hili ndilo.

Valentine akacheka, akasema hilo ni la watu wa kupima barabara. Duke naye, mbele ya wateja na mbele ya mama, akaniambia, "Orina, wewe umezoea mabegi ya watoto wa shule. Hili ni begi la ndege." Wakacheka wote, hata mwanamke aliyekuja kuuliza bei ya mwavuli. Mama akatabasamu ili asimwaibishe mzaliwa wake wa kwanza. Begi la samawati likatiwa kwenye mfuko, nikalibeba mimi mpaka Migori.

Jumapili iliyofuata ndiyo tuliyoipanga kumwombea mama safari. Watu wa kanisa walikuja, baba mdogo Bichage akaja, Duke naye akaja na mkoba wake na karatasi yake. Begi lilikuwa limejazwa kilo saba kamili kama wenye ndege wanavyotaka. Tulilipima kwa mizani ya jirani yetu Eucabeth, muuza omena, mpaka begi la ndege likanuka ziwa. Kisha Duke akasimama barazani akawafundisha watu wazima namna ya kuvua viatu uwanjani, namna ya kufunga mkanda wa kiti, namna ya kumwomba mhudumu maji. Baba mdogo Bichage, aliyekuwa akivuka mpaka pale Isebania na biashara yake tangu Duke hajazaliwa, alikaa akielezwa maana ya pasipoti. Nilisimama mlangoni nimekunja mikono, nikajiambia, huyu mtu ni debe tupu, na leo watu watalisikia.

Akamvisha mama begi, akamwambia atembee tuone. Mama akatembea barazani, akaenda na kurudi, watu wakapiga makofi. Alifurahi, Lynnet. Alifurahi kama msichana aliyevishwa sare mpya. Kwa furaha hiyo akaanza kushuka ngazi ili akamwonyeshe Eucabeth aliyekuwa langoni. Kwenye ngazi ya pili mkanda wa kulia ukachomoka. Uzito wote ukamvuta upande wa kushoto, akaanguka akiutanguliza mkono. Mlio wa mfupa niliusikia kutoka pale mlangoni.

Yaliyofuata unayajua. Kifundo cha mkono kilivunjika, daktari akafunga plasta na kukataza safari kwa wiki sita. Tiketi ikasogezwa mbele, nawe ukajifungua huko Perth bila mama, umeshikwa mkono na mwanamke jirani asiyejua hata jina la kwetu.

Usilojua ni hili. Pale uani, mama akiwa bado ameketi chini tukingoja gari la kumpeleka hospitali, niliuokota ule mkanda nikauinua juu watu wauone. Nikasema, "Begi la ndege ndilo hili." Duke alikuwa amepiga magoti, ameushika mkono wa mama kwa mikono yake miwili kama mtu anayebeba yai. Baba mdogo Bichage akamwambia mbele ya wote kwamba mtu mwenye kichwa kigumu namna hiyo asiitwe tena mkubwa wa nyumba.

Duke aliomba ruhusa kazini akakaa nasi siku tisa. Nilimdharau hata kwa hilo. Ugali wake ulikuwa na madonge. Leso za mama alizianika na povu. Alipomfunga kitambaa cha kichwa, kilimziba jicho moja. Kila siku alikupigia simu kuomba msamaha, na najua hukupokea. Uliniambia mimi kwamba hutaki kuisikia sauti yake, na mimi nikakujibu kwamba una haki.

Lynnet, sikukuambia kweli. Sabato ile, siku moja kabla ya maombi, nilisema tumbo linaniuma nikabaki nyumbani. Saa tano asubuhi, wote wakiwa kanisani, nilichukua wembe wangu wa kazi nikafumua mshono wa mkanda wa kulia. Niliacha nyuzi nne tu zikiushikilia. Kisha nikakunjia kitambaa juu yake ili asione mtu. Nilitaka ukatike pale barazani, Duke akiwa katikati ya hotuba yake, dawa na miwani na nguo za ndani zimwagike, watu wamcheke kama nilivyochekwa mimi dukani. Ngazi sikuzifikiria. Mkono wa mama sikuufikiria. Nilikuwa nafikiria uso wa Duke.

Na liko jingine, ambalo ni mtu wa kazi yangu tu anayeweza kukuambia. Begi lile lilikuwa baya, lakini lisingekatika. Uzi ulikuwa mgumu, wembe uliteleza mara mbili mpaka nikajikata kidole. Lingemchosha mama mabega, lingemlowesha jasho, lakini mshono ule mmoja niliouchekelea ungemfikisha kwako na kumrudisha nyumbani.

Nilinyamaza wiki nne. Kisha mama alikuja kibandani kwangu, plasta ikiwa bado mkononi, begi la samawati amelikumbatia kwa mkono mzima. Aliniomba niurudishe ule mkanda na kuushona imara. Alisema atasafiri nalo hilo hilo, ili Duke asiishi na aibu. Nililipokea. Nikatia uzi kwenye sindano, nikashindwa kuchoma. Nikamwambia yote, nikiwa nimeinamisha kichwa kwenye cherehani.

Mama aliketi kwenye kiti cha wateja, watu wakipita na bodaboda zikipiga honi. Sikumwona akilia. Kisha akauliza, "Duke anajua?" Nikasema hajui. Akaniambia niende Homa Bay nikamwambie mwenyewe, na nikuandikie wewe pia. Akasema, "Karatasi yako nitaibeba, mwanangu. Maneno yako sitayabeba kinywani mwangu." Akainuka, akaliacha lile begi pale kwenye meza, akaenda zake.

Nilienda kesho yake. Duke alitoka ofisini tukasimama kando ya ukuta, nje ya lango. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi, hata nilikuwa nalitaka. Hakunipiga. Aliniuliza swali moja, kama wakati nafumua nilijua ni mama atakayelivaa. Nikamjibu ndiyo, nilijua. Akaitikia kwa kichwa, akarekebisha tai yake, akarudi ndani. Yule niliyemwita debe tupu hajamwambia mtu yeyote mpaka leo, hata baba mdogo Bichage. Ni mimi niliyekwenda kumwambia mzee, na mzee hakunikaribisha chai.

Nakuomba jambo moja tu. Duke ndiye anayemsindikiza mama hadi Nairobi, na mama akishafika huko, Duke atakupigia kuuliza kama amefika salama. Mpokelee simu. Mimi sikuombi chochote kwa ajili yangu. Ukitaka kunyamaza mwaka, nyamaza, nitaelewa.

Jumanne mama alienda sokoni mwenyewe kutafuta begi. Nilimwona kutoka kibandani, kwa hiyo naweza kukueleza. Alipita kwenye mitumba, akavaa moja baada ya jingine, na kila alilolivaa alimwomba muuzaji amtilie pakiti za unga ndani, kisha akatembea nalo hadi mwisho wa safu na kurudi. Mabegi sita aliyarudisha. La saba ni la kahawia, lina mkanda wa kifuani, na alipolivaa alisimama wima. Miezi yote hii, kati ya mimi na Duke na bingwa wa duka la vioo, hakuna aliyemuuliza mama linamkaaje mgongoni.

Nilimwomba niikague mishono yake kabla hajaondoka. Akaniambia hapana, ameshaikagua. Sikuruhusiwa hata kuvuta zipu.

Msalimie sana shemeji Sammy, mwambie sisi tunamshukuru kwa kukutunza. Mbusu mtoto shavuni, na siku ukiona inafaa, umwambie ana mjomba Migori. Eucabeth anakusalimu na amekutumia omena iliyokaushwa vizuri, kama wenye uwanja hawataichukua. Mungu akupe nguvu na usingizi.

Wakatabahu ndugu yako,

Orina

Nimemaliza kuandika, na mama yuko hapa mlangoni ananingoja. Barua nitampa mkononi. Ataiweka begini mwenyewe.