Baba na Mimi Tunaijua Lugha ya Ng'ambo

Mpendwa mshauri,

Nisaidie kabla koo langu halijakauka kwa siri na kwa kiu. Mimi ni fundi simu, na wateja wangu wengi ni watu wa ng'ambo ya barabara, wale ambao sisi hatuwaoi wala hatuwasalimii, na kwa kuwa huwezi kumuuliza mtu ubovu wa simu yake kwa vidole, nikajifunza lugha yao kimyakimya, maana baba, ambaye ndiye mwenyekiti wa mtaa wetu, husema mezani kwamba atakayeileta lugha hiyo nyumbani kwake atafute pengine pa kulala. Basi siku moja nikampelekea simu kinyozi wa huko, nikamkuta baba kitini, povu la sabuni shavuni, anawasimulia kisa kwa lugha hiyohiyo, watu wanashika mbavu. Tukaonana kwenye kioo. Njiani akaniambia, "Hukuniona." Nikamjibu, "Nawe hukuniona, baba." Tangu hapo anaitukana lugha ile kwa bidii zaidi, nami naitikia.

Tungeishi hivyo, ila bomba la maji tunalotumia pande zote mbili limepasuka. Tukakutana, kiongozi wao akasimama akasema kwa lugha yao, kwa sauti yake nzito, kwamba wao watachimba mtaro, sisi tulete mabomba tu. Wa kwetu wakasikia ukali, wakajua tumetukanwa, wakainuka. Baba akatazama dari. Mimi nikakohoa. Mkutano ukavunjika, na sasa mama anabeba ndoo hadi mgongo haunyooki. Nikisema nilichosikia nitaitwa msaliti, na nikidaiwa shahidi, je, nimvue baba nguo hadharani?

Fundi Simu

Mwanangu Fundi,

Pole, ingawa pole yangu kubwa ni ya mama yako. Wanaume wawili mna lugha mbili kila mmoja, na hakuna aliyepata hata neno moja la kumpokea ndoo? Kumwaibisha mzazi si adabu, kwa hiyo usimtaje. Lakini kunyamaza huku watu wanagombana bure nako si adabu, ni woga.

Mwombe baba aitishe mkutano mwingine, kisha simama utafsiri mbele yake. Ukikosea, endelea na kosa lako. Anayeipenda lugha havumilii kuisikia ikichinjwa. Atakurekebisha kabla hajajua kinywa kimefunguka. Leo hii nenda ukachote maji wewe, na umwambie mzee kwa heshima kwamba ndoo ya pili inamsubiri.

Wakikuuliza ulijifunzia wapi, sema kazini. Baba yako atajibu ya kwake.