Siku za Kutorudisha Ngumi

Jumatatu, 3 Machi

Wamemrudisha Mpwa. Gari la polisi halikusimama hata. Lilipunguza mwendo mbele ya ukumbi wangu wa mazoezi, mlango ukafunguka – puu! Nikadhani wametupa takataka. Takataka ikaniita, "Mjomba."

Mimi nimepigana nchi saba. Nimepasuliwa nyusi na mtu mwenye kichwa kama nyundo, nikashonwa, nikarudi raundi ya sita nikamlaza. Kipigo nakijua kama mwokaji anavyoujua mkate. Hiki sikijui. Nyayo zimepasuka, hakuna pa kukanyagia. Mkono wa kulia kucha tatu hazipo, na vidole viwili vinatazama upande wao wenyewe. Na Mpwa ni fundi simu! Vidole ndio shamba lake.

Ulingoni kuna refa. Kuna kengele. Huyu kapigwa bila kengele.

Muuguzi wa zahanati akasema hawezi kumgusa bila karatasi ya polisi. Nikamwambia, mama, polisi wameshaandika, soma mgongo huu. Akausoma. Akalia, akatibu.

Jumanne, 4 Machi

Leo Mpwa kasema. Walimuuliza: simu ya wizi, nani kakuletea? Hajui. Waliomshika walikuwa wengi, aliyeshika bomba la chuma ni mmoja: mkuu wa upelelezi pale kituoni. Mji mzima unamwita Bwana Taratibu. Hapazi sauti. "Taratibu, kijana, taratibu," huku kakukanyaga vidole, anazungusha kisigino kama mtu anazima sigara.

Nikavaa viatu. Dada akasimama mlangoni. Ndiye mama yake Mpwa, muuza mboga, mfupi kama birika.

"Unakwenda wapi?"

"Kumsalimia."

"Ukimpiga, kesi inakuwa yako, siyo yake. Kaa!"

Nikakaa. Maishani nimeangushwa mara chache, na nyingi ni Dada.

Ijumaa, 7 Machi

Dada kaenda kukaa mbele ya geti la kituo! Kabeba kigoda chake cha sokoni, na kwenye boksi la nyanya kabandika picha ya nyayo za mwanawe. Juu kaandika neno moja: ASHTAKIWE.

Nikasema watamfagia kabla jua halijapanda. Wapi! Akaja Bibi wa Mkaa, ambaye mjukuu wake alitoka mle ndani na mpaka leo hasemi. Akaja mke wa dereva wa lori, huyo mumewe hakutoka kabisa. Wakaja wengine siwajui, kila mmoja na picha yake. Kumbe mji mzima ulikuwa umefunga mdomo juu ya jino bovu. Barabara ikaziba. Wanaume tukasimama nyuma, vifua mbele, kazi yetu hiyo.

Wakili wa kina mama hawa ni binti mwembamba, sauti yake haina uhusiano na mwili. Kasema: hakuna jiwe, hakuna tusi. Polisi wanasubiri tuwape kisingizio.

Mara getini likatoka jitu limevaa kiraia, likamzaba Bibi wa Mkaa kofi. Kofi la mkono mzima! Kitambaa cha kichwa kikaruka. Na linaniangalia mimi, siyo yeye.

Jamani, mkono wangu wa kushoto haukuniuliza. Ulitoka wenyewe, mfupi, mtamu, chini ya taya – kraa! Jitu lililala kabla halijaanguka. Hata ujanani sikuwahi kupiga ile. Umati ulivyopiga kelele! Bingwa! Bingwa! Wakaninyanyua, wakanipitisha juu ya vichwa mpaka uchochoroni. Naapa, ngumi ya karne.

Jumamosi, 8 Machi

Ngumi ya karne imezaa.

Sikuona kilichofuata, nilikuwa juu ya vichwa vya watu naendelea kuwa bingwa. Geti lilifunguka, wakatoka na virungu. Dada kavunjwa mtulinga, mfupa ule wa begani. Mke wa dereva katema meno kwenye kiganja chake mwenyewe. Bibi wa Mkaa kaburutwa kwa nywele kwenye kokoto. Wanawake watatu wameingizwa ndani. Chumba kile kile. Cha Taratibu.

Na redio je? "Bondia mstaafu ashambulia afisa wa usalama." Kofi halikusemwa. Msemaji wao anasema Taratibu alikuwa asimamishwe kazi jana ile ile jioni, lakini kwa fujo hizi serikali haiwezi kutishwa. Uongo labda. Labda kweli. Nikifikiria kwamba ni kweli nataka kuutafuna mkono huu.

Nikamwambia Wakili nakwenda kujisalimisha, wawatoe wale kina mama. Akacheka kicheko kibaya.

"Bingwa, hawakutaki ndani. Wewe nje una faida zaidi. Wanaomba urudi getini na mikono yako."

Jumapili, 9 Machi

Wanawake wametoka. Mmoja hawezi kukaa. Hakuna aliyenilaumu. Afadhali wangenitukana.

Jumanne, 11 Machi

Jana Dada karudi getini, mkono shingoni kwenye kitambaa. Soko likafungwa kumfuata. Leo madereva wamegoma, walimu wamegoma, na mafundi simu wote mjini wamening'iniza mlangoni glavu iliyojazwa matambara, vidole vimepinda. Jioni wizara imelegea: Jumatatu inakuja tume ya uchunguzi, pale pale getini, hadharani. Mpwa atasema aliyoyaona na kumwonyesha aliyemfanyia. Ila wameweka sharti. Fujo ikitokea, gari la tume linageuza.

Basi nikawaza. Virungu vitakuja tu. Hawa kina mama hawajui kupigwa, na mwalimu wa kupigwa katika mji huu ni nani? Nikawaita ukumbini.

Nimefundisha mabingwa watatu, lakini darasa kama hili sijapata. Wachuuzi, washonaji, bibi za watu, wamejipanga kwenye ulingo wangu wenye viraka. Funga mdomo, ukiuacha wazi taya linakwenda. Viwiko vifunike mbavu. Ukianguka, jikunje, mikono nyuma ya shingo, usimwonyeshe tumbo. Kidevu chini!

"Mwanangu," anasema Bibi wa Mkaa, jicho limefumba kwa uvimbe, "kidevu changu kimeshuka chenyewe siku nyingi."

Wakacheka mpaka mke wa dereva akashika ufizi.

Halafu huyo huyo akaniuliza: "Sasa kurudisha, tunarudishaje?"

"Haturudishi."

"Wewe, unatuambia hivyo?"

"Mimi, ndiyo."

Nimewazoeza na mto wa kochi, nawapiga, nawaambia, "Taratibu, mama, taratibu." Nikasikia neno hilo likinitoka mdomoni. Nikautupa mto.

Alhamisi, 13 Machi

Kaja. Bwana Taratibu mwenyewe. Saa za mchana, shati limepigwa pasi, manukato. Watu wake wawili wakasimama mlangoni. Mle ndani ni mimi, Dada, na Mpwa kwenye godoro kando ya ulingo.

"Bingwa! Nasikia unafundisha."

Akanipiga puani kwa kitako cha bastola. Najua pua ikivunjika inavyolia, hii ilikuwa mara ya nne. Damu ikajaa mdomoni. Akangoja. Akanipiga tena, sikioni, mlio ukaanza na mpaka sasa haujakoma. Akashusha mikono yote miwili, akanipa kidevu! Kidevu kimenyolewa safi, kimekaa pale kama yai.

Nikashika kamba za ulingo.

"Taratibu," akaniambia, anatabasamu. Akaenda kwa Mpwa, akachuchumaa kama mganga mwema. "Naona vinapona hivi vidole." Akachagua kimoja cha mkono ule mzima. Akakikunja nyuma. Polepole. Polepole. Nilikisikia. Kama kijiti kibichi.

Mpwa hakupiga yowe. Alisema, "Mjomba, usi–" Dada alikuwa kashajirusha juu ya mwanawe, na mtulinga wake uliovunjika, na yule mtu akamkanyaga ubavuni kwa buti, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, macho yake yako kwangu muda wote.

Kamba zilinichuna viganja vyote viwili. Sikuziachia.

Akasimama, akapangusa suruali. "Jumatatu basi," akasema.

Ijumaa, 14 Machi

Watu wananisifu. Bingwa kavumilia! Waache. Mimi ndiye ninayeujua ukweli: angekanyaga mara ya nne, ningemuua. Siyo kumpiga. Kumuua, mikono mitupu, naijua njia. Na Jumatatu atakanyaga mara ya nne, hesabu ndiyo anayoijua.

Nimemwambia Dada niache nyumbani. Akasema, Mpwa hawezi kutembea, na hataki kubebwa na mwingine. Umekuwa mzito wa nini miaka yote hii kama si kwa kubeba?

Nikamwambia: Dada, mkono huu siuamini.

"Hata mimi," akasema.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi. Tuko ukumbini, geti la kituo naliona dirishani. Nje barabara imejaa mpaka sokoni, hawaimbi, hawapigi kelele, viwiko vimefunika mbavu. Wanafunzi wangu! Bibi wa Mkaa yuko mbele, kidevu chini. Virungu vimepangwa pande zote mbili za geti. Wakili anasema gari la tume limeshavuka daraja. Na Taratibu kasimama kizingitini mwa geti, kwenye njia nitakayopita, shati jeupe.

Dada ndiye aliyebuni. Kazitoa bandeji zangu za mikono, zile ndefu za pambano la mwisho. Nitachuchumaa, Mpwa atanipanda mgongoni kama alivyokuwa mdogo. Mikono yangu itapita chini ya mapaja yake, halafu Dada ataifunga pamoja, mafundo yake, ya kufungia magunia ya viazi. Nikirusha ngumi, mtoto anaanguka. Wakinipiga, nitapigwa wima, uso mtupu, mpaka mbele ya tume.

"Mjomba," anasema Mpwa, "wakikupiga sana nitakufunika uso kwa mikono yangu."

"Na vidole hivyo? Utanitoboa macho bure."

Kacheka. Namshukuru kacheka.

Wa kushoto, ule mkorofi, Dada kaufunga kwanza. Kaukaza mpaka umekufa ganzi. Nje wameanza, nasikia mti ukigonga mfupa, na hakuna anayelia, hakuna hata mmoja. Mpwa kashika shingo yangu. Dada kasimama na ncha ya bandeji, ananingoja. Anautaka wa kulia, na huo ndio ninaoandikia.