Neno «Amuse» na Sala ya Papa Gervais

Kadutu, Bukavu

Maman yangu,

Jambo sana! Mugongo wako ukoje? Usinijibu tena «iko muzuri», ninakujua. Na Papa, kikohozi kilimuacha? Miye ni muzima. Barua hii inakuja na Tonton Faustin, anayejaribu njia ya Mwenga kwa miguu. Umupatie chakula kwanza, maana habari zangu atakueleza vibaya akiwa na njaa. Ndiyo sababu ninakuandikia mwenyewe.

Unajua ninafundisha watu wazima Kiingereza katika sale ya mikutano ya parokia. Wiki iliyopita, saa tisa ya muchana, tulifika kwa neno «amuse». Wanafunzi wanalijua kwa Kifaransa, amuser: kuchekesha, kupitisha wakati, basi. Nikawaambia hapana, neno hili liko na ukoo murefu. Kwa Kifaransa cha zamani maana ya babu yake ilikuwa kusimama bure, pua juu, unaangalia hewa. Waingereza walipolichukua, likawa kumuduwaza mutu, halafu kumudanganya. Hata kwa vita walilitumia: unashika macho ya adui upande huu, watu wako wanapita upande ule. Kuchekesha kulikuja nyuma. Papa Gervais, katekista, mwanafunzi wangu wa miaka sitini na kitu, akaandika yote, akapiga mustari chini ya ile maana ya vita.

Hajafunga kalamu, basoda wanne wakaingia na bunduki. Mukubwa wao akasema: «Tunatafuta mwalimu wa Kiingereza. Tunaenda naye kwa pori, atatutafsiria.»

Maman, walimu waliochukuliwa zamani hatujawaona tena. Bahati moja tu: sura yangu hawakuijua, na nilikuwa nimesimama karibu na mulango wa nyuma.

Papa Gervais akasimama. «Komanda, karibu. Hapa hatuanzi mazungumuzo bila sala. Tufumbe macho.»

Nani atamukatalia katekista sala? Basoda wakavua kofia zao za bere, wakainamisha vichwa. Muzee akaanza, tangu Adamu. Akaombea komanda, na mama aliyemuzaa komanda, na wajomba wake, na bote za miguu yake zisipasuke. Akaombea samaki sambaza wote wa ziwa. Kila mutu wa darasa alielewa sala ile inafanya kazi gani. Kila mutu isipokuwa miye! Miye nilifumba macho. Ulinichapa sana utotoni kwa kuchungulia wakati wa sala, na ulifaulu. Maman Bora, muuza unga, akanikanyaga muguu. Nikafikiri Roho amemushukia. Akanifinya. Nikapaza sauti: «Amina!»

Sala ikaisha. Ninafumbua macho: darasa zima linaniangalia, mulango uko wazi nyuma yangu, na miye niko pale pale.

«Haya,» komanda akasema, «mwalimu iko wapi?»

«Alitoka,» Papa Gervais akajibu, na sala bado moto mudomoni.

«Na huyu anayesimama?»

Maman Bora akanipiga kofi la shingo. «Huyu? Mujinga huyu amerudia darasa mara tatu! Njoo ukae!»

Komanda akataka nisome ubao. Nikalisoma neno lile kama mutu anayetafuna jiwe. Wakacheka mupaka wakashika tumbo. «Muache, hajui kitu,» wakasema, wakaenda.

Tukacheka sisi pia. Kisha nikakaa chini, nikalia mbele ya wanafunzi wangu bila haya. Maman, uliuza mafuta ya mawese miaka yote ile ili nisome, na siku hiyo nilipona kwa kuonekana sikusoma.

Masomo tumesimamisha kidogo. Ninalala kwa Papa Gervais, na bibi yake ananilisha kama mugonjwa. Unisalimie Papa, na dada yangu Furaha, umwambie nimefurahi kwa mimba. Shangazi anayesuka vikapu usimusomee barua hii, atalia kijiji kizima kisikie.

Nina ombi moja tu kwako. Kuanzia sasa, uniruhusu niombe macho wazi.

Miye mutoto wako,
Prosper