Barua Ndani ya Mchele

Jumamosi, 6 Machi 2004
Mama nimemgeuza alfajiri, saa nne na adhuhuri. Nesi wa serikali kaja, kafunga kidonda cha mgongoni, kaacha pampasi za wiki. Kitanda cha serikali, nesi wa serikali. Kiuno kinachouma ni changu. Alasiri kaja mdogo wangu Zuwena kutoka kwake Madinat Sultan Qaboos, na kadi ya bima. Kampuni anayofanyia kazi huko Rusayl imekubali kumwingiza Mama. Mama kalia kwa furaha. Mie namkosha tangu kiharusi kilipomlaza, miezi saba sasa. Hajanililia hata siku moja.

Jumanne, 9 Machi
Bima haitoi mpaka serikali ikose. Wanataka barua ya hospitali kuwa mazoezi ya kila siku ya mkono wake uliopooza haina. Hapo ndipo wamlete mtaalamu wao. Tena aletwe kwa mwenye kadi, si huku kwangu Ansab. Yaani Mama ahamie kwa Zuwena. Nesi atapangwa kutoka kituo cha huko. Kila kitu kinahamishika isipokuwa mie. Mama keshauliza kama chumba chake huko kina dirisha.

Jumatano, 17 Machi
Barua imetoka. Nimeipokea mwenyewe, nikaifukia ndani ya pipa la mchele. Zuwena kapiga simu. Nimemwambia hospitali bado. Sauti haikutetemeka. Ningefaa kuwa karani.

Jumatano, 24 Machi
Zuwena kapiga tena. Nimemwambia bado. Dua zote za Mama ni za Zuwena. Yangu huwa "nipe maji". Nna wivu. Nauandika kwa jina lake nisije nikauita huruma.

Ijumaa, 2 Aprili
Wageni. Nimemmiminia Mama kahawa. Hapa aliyetosheka hutikisa finjani, asiyetikisa huongezwa. Mama hakutikisa. Nimemimina ya tatu, ya nne. Ya tano imemwagika kifuani. Vidole vyake vimekakamaa. Mwezi uliopita vilikuwa vikikunjuka.
"Nimetosheka zamani, mwanangu. Mkono ndio haukubali."
Wageni wamecheka kwa adabu. Mie nimekwenda jikoni, nikautia mkono kwenye mchele.

Jumamosi, 3 Aprili
Nimempelekea Zuwena barua. Tarehe iko wazi juu. Kaisoma, kapangusa vumbi la mchele, kanitazama.
"Dada, hata mkono wa Mama tuugombanie?"
Jioni nimefunga nguo za Mama. Mkoba mmoja tu.

Ijumaa, 11 Juni
Nimekwenda kumwangalia Mama. Dirisha lipo, kubwa. Nesi wa serikali asubuhi, mtaalamu wa bima alasiri, hawagongani. Zuwena kapanga vizuri. Imeniuma kidogo.
Kahawa ilipokuja Zuwena kaniachia dele nimimine mie. Finjani ya kwanza. Ya pili. Ya tatu Mama kaipeleka kushoto, kulia, kwa mkono ule ule, kidogo tu, kama anayekataa kwa haya. Matone mawili kwenye shuka ya Zuwena.
Nimeweka dele chini.