Pembe Moja, Vipimo Viwili

Baba, mbukwa.

Najua hutaitika, na leo sikulaumu. Sijaja kukusalimia tu, nimekuja na maswali, na mtu pekee anayeweza kuyajibu ndiye aliyelala pale nyuma ya zizi. Kwa hiyo naandika. Nimekaa nje, kwenye kile kibenchi chako chenye mguu mbovu. Cherehani nimeiacha kwangu Ihumwa, wateja wananipigia simu kuulizia sare za watoto wao, nami nawaambia nguo ziko kwenye pasi. Mungu anisamehe.

Nianze na habari za nyumbani. Mama mzima, ila amekonda. Karanga za bondeni zimefukuliwa na nguruwe pori, mistari na mistari, na mtama nao sasa ndio unatoa masuke. Mama anapanda dunguni mwenyewe na debe, anagonga mpaka mikono inamuuma. Nguruwe wameshamzoea. Wakisikia debe wanainua vichwa, wanamtazama, wanaendelea kula. Anasimulia huku anacheka. Mimi sicheki, maana chakula cha mwaka mzima kiko pale shambani.

Gobole lako liko kituo cha polisi. Tulilipeleka mara tu baada ya mazishi, maana silaha ya marehemu haikai nyumbani bila mwenye kibali. Wametuambia kama yupo wa kulirithi aombe kwa jina lake mwenyewe, na kama hayupo wao watabaki nalo moja kwa moja. Jibu wanalitaka Jumatatu. Leo ni Jumamosi.

Kwenye kikao cha familia, tulipoanua matanga, baba mdogo Chiduo hakuzunguka. Alisimama akasema, "Gobole ni la Nyemo. Kaka yangu alisema kwa kinywa chake kwamba mkono wa Nyemo ni mzani." Watu wote wakaitikia, hata wale wanaoamini mwanamke na bunduki haviendi pamoja. Mimi niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kumbe moyoni nimevimba. Mkono wa Nyemo ni mzani! Maneno hayo niliyabeba miaka mitano, Baba. Nilikuwa nawaambia mpaka wateja wangu, mtu akiuliza kama naweza kukata kitambaa chake bila kukiharibu.

Unakumbuka tulivyokuwa tunafanya? Kila mwaka mtama ukikaribia kutoa masuke ulikuwa unanipigia simu. "Njoo unipimie, macho yangu yamechoka." Nikifika, Mama anazima moto jikoni, unaenda kuukagua mwenyewe hadi majivu, ndipo unatoa kopo la baruti. Tunakaa upande usio na upepo. Kipimo chetu ni kile kipembe cha digidigi ulichokikata kabla sijazaliwa. Natia baruti mpaka inafurika, napitisha ubua wa mtama mdomoni mwa pembe mara moja tu, iliyozidi inarudi koponi, iliyobaki namimina kwenye karatasi, nasokota, nafunga kwa uzi. Kila fungu ni mlio mmoja. Na ulivyokuwa mkali! "Usigonge. Usitikise. Usiongee." Nikiropoka neno katikati unarudisha yote, naanza upya. Ulishanieleza sababu mara nyingi mpaka naweza kuikariri: baruti ikizidi gobole linaweza kukupasukia usoni, ikipungua gololi zinaanguka njiani na nguruwe anakuangalia tu. Yote yawe sawa, ulisema, ili mlengaji ajue gobole lake litafanya nini.

Nami nilikuwa nafanya sawa. Ukiona nimemaliza unachukua mafungu mawili, moja kila kiganja, unafumba macho, unatabasamu. "Mzani huu."

Sasa sikiliza kilichotokea. Wiki mbili zilizopita Mama alikuwa anasafisha chumba, akavuta lile sanduku la bati kutoka uvunguni, akaniita. Ndani yake mlikuwa na mafungu yangu. Yote, Baba. Niliyatambua kwa nyuzi. Mwaka wa kwanza nilifunga kwa uzi mwekundu uliobaki kwenye majoho ya kwaya, mwaka wa pili bluu ya sare, halafu kijani, halafu njano, na mwaka jana zambarau. Mekundu yalipungua mawili tu. Mengine yote yalikuwa yamepangwa vizuri, mwaka kwa mwaka, hayajaguswa. Na kando kabisa mafungu manne yaliyofungwa kwa katani, yamesokotwa ovyo. Hayo si yangu.

Nilikaa sakafuni. Nilimuuliza Mama, sasa miaka yote hii alikuwa anapiga nini? Maana mlio tulikuwa tunausikia wote, na nguruwe walikuwa wanakimbia. Mama akaangalia dirishani. Akasema, "Alikuwa anapima mwenyewe. Wewe ukishaondoka."

Baba, ningekuwa na wewe hapa ningekusuta mchana kweupe. Unaniita kutoka Ihumwa, naacha kazi, naacha wateja, nakaa juani nusu siku bila kufungua mdomo, kumbe nikigeuza kisogo unaweka kazi yangu uvunguni na kuanza yako? Na bado mbele ya watu mkono wangu ni mzani? Nilihisi nimedanganywa. Nilijihisi mtoto mdogo anayepewa unga kidogo achezee pembeni ili asimsumbue mama yake anayesonga ugali.

Sikulala na hilo. Nilikwenda Dodoma mjini nikanunua kimizani cha betri, kile wanachopimia vito, nikarudi nacho huku. Nilipima mafungu yangu moja moja, uzi kwa uzi. Mekundu yalipishana kidogo. Bluu yalikaribiana. Kuanzia kijani kwenda mbele, namba ilikuwa haibadiliki kabisa, mpaka nikadhani kimizani kimeharibika. Nilifurahi, nisikufiche. Nikachukua yako manne ya katani, nikijua nitakuta fujo tupu.

Hayakuwa na fujo. Na yako yalikuwa sawa yote. Ila mazito kuliko yangu, na si kwa punje moja au mbili.

Hapo ndipo akili yangu ilipogoma. Pembe moja, baruti ya kopo moja, mimi napata uzito huu na wewe unapata ule. Nilimwuliza Mama kama ulikuwa na kipembe kingine. Akaapa hapana. Nikageuza hicho kimoja juu chini, nikachungulia ndani kutafuta uchafu uliogandia. Nikafikiri labda ulikuwa unachanganya chumvi kwenye baruti, samahani, nilifikiri hata hivyo. Nikafikiri labda hukutaka kunifundisha kipimo cha kweli kwa sababu ni mtoto wa kike. Hilo liliniuma kuliko yote, na nililiamini kwa siku tatu nzima.

Juzi nikaamua kujaribu na unga wa uwele badala ya baruti, hapa hapa uani. Nikajaza pembe, nikapitisha ubua, nikaweka kwenye kimizani. Mara kumi, namba ile ile. Nikamwambia Mama, hebu nionyeshe Baba alivyokuwa anafanya. Mama akakataa, akaona aibu. Nikamsihi. Mwishowe akavuta kigoda, akakishika kipembe kwa mkono wa kushoto, akatia unga. Halafu akaanza kutetemesha mkono.

Baba, alikuigiza vilevile. Ule mtetemo wako wa kuanzia kiwikoni, kidole gumba kinagonga pembe tap tap tap bila wewe kutaka, mdomo umeung'ata, jicho moja umelifumba. Alianza kwa mzaha, tukacheka wote wawili, tukacheka mpaka machozi, na machozi yalipoanza hayakukoma. Lakini mimi nilikuwa naangalia pembe. Unga ulikuwa unashuka. Kila akitetemeka unashuka, unajipanga, unabaki na nafasi juu. Mama akajazia, kama ulivyokuwa unajazia. Ukashuka tena. Akajazia. Alipopitisha ubua, nilichukua pembe nikapima, na uzito ulizidi wa kwangu kwa mbali.

Kumbe mkono wako ulikuwa unagonga na kutikisa, yale yale uliyonikataza. Na kwa kuwa ulikuwa unatetemeka kila siku, kila fungu lilishiba kiasi kile kile. Ulilizoea gobole lako hivyo. Ukalilaza juu ya nguzo ya dungu, ukajua litakwenda mpaka wapi. Halafu ukapakia fungu langu, lililopimwa kwa sheria zako mwenyewe za zamani, na gololi zikaanguka njiani.

Mama amenisimulia sasa. Mwaka ule wa kwanza ulijaribu moja la uzi mwekundu, likatoa mlio wa mtu anayekohoa. Kesho yake ukajaribu jingine, yale yale. Ulirudi nyumbani ukasema tu, "Baruti za siku hizi," ukanawa mikono ukaomba chakula. Hukumwambia kwamba shida ni mafungu yangu.

Sasa hapa ndipo ninapotaka unijibu. Ulifikiri nini? Ulifikiri nakupunja? Ulifikiri binti yako hajui kujaza pembe, ukaona ukimwambia atalia? Au ulikaa pale dunguni ukaelewa mwenyewe kwamba tofauti iko mkononi mwako, ukaona bora unyamaze kuliko kulitaja? Nikichukua la kwanza, uliniona mjinga ukanificha. Nikichukua la pili, ulijua, na ukaendelea kuniita kila mwaka nije nikupimie baruti ambayo huitumii. Ya nini? Ili nije nyumbani? Si ungesema tu njoo, ningekuja! Nazungusha maneno haya kichwani, asubuhi naamini hili, jioni naamini lile. Mama nikimwuliza anasema, "Kazi ya mtoto haitupwi, ndiyo maana aliiweka." Basi. Kwake imeisha. Kwangu haijaisha.

Na nisikulaumu wewe peke yako. Kuna jambo sijamwambia mtu. Mwaka wa uzi wa kijani niliona. Ulinipokea kikombe cha chai, nusu yake ikaishia kwenye suruali yako, ukasema upepo wa hapa Kongwa umezidi. Hapakuwa na upepo. Nami nikainama chini ya benchi nikajifanya natafuta kibonge cha uzi, nikatafuta kitu kisichopotea mpaka ulipomaliza kujifuta. Nilidhani nakuheshimu. Ningekuuliza siku ile, ningekushika mkono nikasema, Baba, tangu lini? Labda ungeniambia na habari ya mafungu. Labda ningepima huku natikisa, kwa ajili yako tu, na sheria zikae pembeni.

Baba mdogo nimemweleza. Nilidhani atasema basi, gobole lisije kwangu. Alikuna kichwa, akauliza maswali mengi kuhusu unga, mwisho akasema kwamba yeye haelewi chochote ila anaona mimi ndiye ninayeelewa. Mama yeye anataka kujua kitu kimoja, kama nguruwe wataondoka kabla mtama haujakomaa.

Kwa hiyo nimejaza fomu. Jumatatu nakwenda kituoni na barua ya serikali ya kijiji na picha zangu ndogo, na mafungu yote napeleka, yangu na yako, maana nayo hayaruhusiwi kukaa nyumbani. Nikipewa kibali nitalijifunza gobole upya mbele ya mtu wao wa silaha. Kwa kipimo cha mkono wangu, Baba. Wa kwako siuwezi, na kuuigiza sitaki, tumeuigiza mara moja na imetosha. Huenda msimu wa kwanza nguruwe watanicheka. Nitavumilia.

Bado nimekukasirikia kidogo. Nilale na hasira hiyo tu, itapungua. Na nimekukumbuka mno, hata ule ukali wako wa kurudisha baruti koponi kwa sababu nimepiga chafya.

Jua limeshuka, Mama ametoka jikoni, amekaa karibu yangu anachambua mlenda, ananiuliza naandika nini chote hiki. Nimemwambia barua. Hajauliza ya nani. Namwangalia vidole vyake. Viko imara bado, vinakwenda haraka kuliko vyangu.

Pumzika, Baba. Huku tutajitahidi. Na ninachokuahidi ni hiki: siku nitakapoona mkono wa Mama umeanza, sitainama kutafuta kitu. Nitasema, "Mama, mkono wako unatetemeka." Atakataa, atasingizia baridi, atanikasirikia. Nami nitaushika.

Mwanao,
Nyemo